Bihogo na Neno la Redioni

Ijumaa jioni mjukuu wangu Kyomugisha alirudi kutoka shule na neno moja la Kiingereza, amelibeba kama mtu aliyezawadiwa kuku. Mwalimu wao Clavery, kijana wa Muleba ambaye shati lake limenyooka hata siku za matope, aliwagawia Darasa la Sita maneno, kila mtoto la kwake. Jumatatu kila mmoja angesimama mbele ya wenzake aseme neno lake linakatwaje kwa silabi, na lina maana zipi. Wenzake walipewa maneno marefu kama mkungu wa ndizi. Yeye akapewa "over".

"Herufi nne tu, Kaaka," akaniambia. Kwetu Kaaka ni bibi. "Nimepona."

Hakuwa amepona. Kumbe kwenye kamusi ya shule lile neno fupi lilikuwa limejaza ukurasa mzima, likamwagikia na wa pili. Akanisomea yote huku mimi namenya ndizi za jioni. Juu ya kitu. Kuvuka kitu. Upande wa pili, ng'ambo. Zaidi ya. Kuanguka. Kupinduka, cha chini kikawa juu. Kubaki, kama chakula kilichobaki. Kurudia tena na tena. Kwisha.

Mume wangu Tumwine alikuwa amekaa mlangoni, nyonga yake inamuuma kama kawaida ya mawingu yakikusanyika. Akauliza, "Sasa hao wenyewe wanaelewanaje?"

"Nani, Babu?"

"Hao wenye neno. Mtu akisema ng'ombe wangu ni ova, ng'ombe kavuka, kaanguka, au kaisha?"

"Unaangalia maneno yaliyokaa jirani nalo."

"Basi hilo neno ni kama shemeji yako Projest," nikamwambia Tumwine. "Peke yake hana kitu, mpaka aingie kwa majirani."

Kyomugisha akatuonyesha silabi kwa kupiga makofi. O. Ver. Makofi mawili. Lakini mwalimu alikuwa amewaonya: ukiwa unaandika ukafika mwisho wa mstari, usilikate neno hilo hata kama linakatika, kwa sababu ile o itabaki peke yake mwisho wa mstari, na herufi moja haiachwi peke yake. Tumwine alitikisa kichwa kukubali. Katika somo lote la Kiingereza, hilo ndilo aliloliona lina akili.

Tulicheka sana jioni ile. Namwambia msomaji mapema ili asidhani mimi ni mtu wa kulia tu.

Kesho yake mchana ng'ombe waliporudi kunywa maji, Tumwine alisimama kwenye mlango wa zizi akaegemea fimbo. Sisi hatuhesabu ng'ombe. Tunawaangalia wakiingia, na macho yanajua kama kuna pengo, kama vile ulimi unavyojua jino lililong'oka. Kuwataja kwa idadi ni kuuita mkosi uje uchague. Tumwine amebatizwa, ameungama, Jumapili anaimba sauti ya chini kanisani hadi benchi linatetemeka; lakini kwa habari ya kuhesabu ng'ombe hata padri alimshindwa.

"Bihogo hayupo," akasema.

Bihogo ni ng'ombe mwekundu wa kukolea, mama wa zizi letu. Wengine wote walikuwa wamekauka maziwa. Yeye alikuwa na mimba iliyofika mwisho, na nyumba nzima ilikuwa inamsubiri azae ndipo tunywe chai yenye maziwa. Ng'ombe akikaribia kuzaa hutafuta maficho. Na maficho mazuri kuliko yote kwa upande wetu yako ng'ambo ya vigingi vyeupe, ndani ya hifadhi.

Hapo ndipo nilipoogopa. Maana kulikuwa na jambo lingine.

Mwaka jana afisa mifugo alipita kuwavalisha ng'ombe hereni za njano, kila moja na namba yake. Tumwine aliwatoa wengine kwa sababu majirani walikuwa wanaona, akasimama amegeuza uso kama mtu anayechomwa sindano. Ila Bihogo alimficha kwenye migomba kutwa nzima, akimlisha maganda ya ndizi mbivu asipige kelele. "Namba ya sikioni ni kuhesabu kusikoisha," aliniambia. "Unalala, yenyewe inahesabu. Unaamka, inahesabu." Siku ile nilimcheka. Jumamosi ile sikucheka.

Wiki hiyo gulioni palikuwa na habari moja tu. Kulikuwa na kundi la ng'ombe lililovushwa mto Kagera kwa magendo na kuingizwa hifadhini, na askari walikuwa wanasaka. Ng'ombe yeyote watakayemkuta humo bila hereni watamchukulia ni wa kundi lile. Anakwenda. Na aliyekutwa naye anakwenda vilevile. Xaveria, anayeuza dagaa, alisema wakishaondoka na ng'ombe wako utamsikia tu kwenye ndoto.

"Nitaenda mimi," akasema Tumwine, akajaribu kuinuka, akarudi kwenye kigoda na uso umekunjamana.

"Nyonga yako ibaki hapa," nikamwambia, "na wewe ubaki kuitunza."

"Wakikukamata?"

"Watanirudisha wenyewe. Nani atanilisha huko na mdomo huu?"

Nilimchukua Kyomugisha kwa sababu macho yangu hayaoni mbali, na kwa sababu, niseme ukweli, niliogopa kwenda peke yangu.

Tulivuka vigingi. Nyasi za mle ni ndefu, hazijaliwa na mtu wala mnyama wa mtu, zinafika kifuani. Kila zikichakarisha nilikuwa naona nyati. Nimewahi kuona mtu aliyepigwa na nyati, sitaki kueleza. Kyomugisha alikuwa mbele anafuata nyayo, anainama, anasimama, ananionyesha kwa kidole bila kusema. Nyayo zilikuwa zinaburuta. Ng'ombe aliyechoka.

Tulimkuta chini ya mgunga, ndani ya kichaka kilichofunga pande zote. Amelala ubavu. Macho yake yalinijua, akatoa sauti ndogo ya puani. Chupa ilikuwa imeshapasuka, nyasi zimelowa. Nikaenda nyuma yake. Nikaona kwato moja na pua ya ndama. Kwato moja tu. Ndama anayekuja vizuri hutanguliza kwato mbili za mbele na pua juu yake kama mtu anayeruka majini. Huyu mguu mmoja ulikuwa umebaki nyuma, umejikunja ndani.

Kabla sijapiga magoti, redio ikalia.

Ilikuwa karibu kiasi kwamba kwanza nilidhani inalia ndani ya kichaka chetu. Mkwaruzo, halafu sauti ya mwanamume. "Kituo, kituo. Niko bondeni. Nimepata nyayo mbichi za ng'ombe, zinapanda kuelekea vichakani. Ova."

Tulijitupa chini. Uso wangu uliingia kwenye majani na sijui niliyala au niliyanusa. Kyomugisha alikuwa amenibana mkono, kucha zake zinaingia.

"Kaaka," akaninong'oneza, "ndilo neno langu."

"Nyamaza."

"Amesema ova."

"Nimesikia. Ni maana ipi hiyo?"

Alifikiri, maskini, uso wake umebadilika rangi. "Sijui. Kwisha?"

Nilitamani nisingeuliza. Maneno yote aliyonisomea juu ya maganda ya ndizi yalirudi, yakaanza kupita kichwani mwangu mojamoja, na kila moja lilikuwa limekuja kwa ajili yangu. Kuvuka: tumevuka vigingi. Ng'ambo: watasema ng'ombe katoka ng'ambo. Juu ya: wako juu yetu. Kuanguka, nimeshaanguka, tumbo liko chini.  Na lile la mwisho la kwisha nililifukuza, likaja tena. Jana nilikuwa nimelicheka neno lile, na sasa lilikuwa linatembea porini na bunduki.

Redio ikajibu, sauti ya mwanamke, kavu. "Fuata nyayo. Asiye na hereni azuiwe hapohapo, na watu wake. Ova."

Nikasikia buti. Zinakanyaga, zinasimama. Mtu anasoma nyayo zetu kama mtoto anavyosoma kwa kufuatisha kidole.

Zikatupita. Naapa zilitupita. Zilikwenda upande wa kijito, nyasi zikatulia, nikahesabu kwamba tumeokoka. Na hilo ndilo pekee nililolihesabu siku ile. Tungeweza kulala pale mpaka askari aende zake. Kyomugisha alinitazama, naye anawaza hivyohivyo.

Bihogo akaguna.

Haikuwa sauti kubwa. Ilikuwa kama mlango mzito unaosukumwa na mtu asiye na nguvu. Nikageuza shingo nikaona ile pua ya ndama imeanza kuvimba, na ulimi umetokeza pembeni, rangi ya zambarau. Nikisubiri, ndama anakufa ndani. Akifa ndani, mama anamfuata. Nikiinuka nikamsaidia, askari anasikia, na ng'ombe anakwenda na mimi ninakwenda. Nilitafuta njia ya tatu. Haikuwepo.

"Wewe toka," nikamwambia mtoto. "Tambaa mpaka vigingini, ukamwambie Babu."

"Siendi."

"Nakuamuru!"

"Niamuru tukifika nyumbani."

Ananifuata mimi huyu, sina wa kumlaumu. Nikavua kanga ya mabegani, nikapiga magoti, nikapaka mkono mafuta ya kupikia niliyokuja nayo kwenye kichupa, nikaanza kazi. Unamsukuma ndama arudi ndani kidogo, kinyume na mama anayemsukuma atoke, halafu unautafuta ule mguu uliokunjika, unafunika kwato kwa kiganja isimchane mama, unauvuta mbele. Ni rahisi kusema. Bihogo alibana mkono wangu hadi nikaona nyota mchana, akalia, na mara hii alilia kweli.

Buti zikarudi zikikimbia.

"Simama hapohapo! Mikono juu!"

"Haipandi, baba," nikasema bila kugeuka, sauti yangu inatetemeka kama ya mbuzi. "Mmoja uko ndani ya ng'ombe."

 Nikageuza shingo. Kijana mrefu, bunduki imetuelekea, jasho linamtoka. Alinitazama mimi, akatazama mvi zangu, akatazama mkono wangu ulikoishia. Malezi yake yakamponyoka mdomoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Shusha hicho kitu, utamtisha ndama arudi."

Hakushusha sana. Aliielekeza chini kidogo, kwenye miguu yangu. Jina lake, nililisoma kifuani, lilikuwa Cassian.

"Ng'ombe wa nani?"

"Wa kwangu."

"Hereni yake iko wapi?"

Nikajifanya naguna pamoja na Bihogo.

"Mama, hereni iko wapi? Na wenzake wako wapi? Mmekuja wangapi?"

"Mimi na mtoto huyu. Mwingine ndiye huyu anayejaribu kutoka."

Hakucheka. Akashika redio. "Kituo, nimepata ng'ombe mmoja jike, hana hereni. Bibi mmoja na mtoto wa kike. Ova."

Lakini udadisi wa Kyomugisha hauna adabu. "Afande," akasema, "hiyo ova ni kwamba tumekwisha?"

Kijana akamtazama. "Nani kakwambia? Ni kwamba nimemaliza kusema, sasa nasubiri mwenzangu ajibu."

"Tu?"

"Tu."

Nilivuta pumzi. Lakini pumzi haikufika mbali, maana yule mwenzake alijibu. "Muulize ana ng'ombe wangapi. Idadi ya kundi lililovushwa tunayo. Ova."

"Mama, unasikia? Taja idadi."

Nikaendelea kuutafuta mguu.

"Sema namba tu. Watano, kumi, ishirini. Ni namba, mama!"

Mkono wangu ulikuwa umegusa goti la ndama. Goti lenye uhai, likasogea lenyewe. Na mtu ananiambia nihesabu! Nihesabu zizi zima huku mmoja yuko mlangoni, nusu ndani nusu nje, hajaamua kama atakuwa wa kwetu au wa ardhi! Kama ningetaja namba na ndama akafa, Tumwine asingenisema hata neno moja, na huko kunyamaza kwake ningekufa nako. Kama nisingetaja, ningeonekana mwizi anayeficha wenzake. Nilikuwa na hofu mbili, na kila nikiikimbia moja naiangukia nyingine.

"Afande," Cassian akasema redioni, na sasa sauti yake ilikuwa ngumu, "anakataa kutaja idadi. Ova."

Redio ilikwaruza kwa muda. Halafu, "Mpe redio niongee naye. Ova."

"Mikono yake, Afande... imeshikika. Ova."

"Mtoto ashike."

Kyomugisha akapiga magoti kwenye majimaji ya uzazi, akaisogeza redio mdomoni mwangu kama anayeninywesha uji. Cassian akamwonyesha kitufe.

"Shikamoo, mama," ikasema redio. "Mimi ni Afande Katusiime. Una ng'ombe wangapi nyumbani? Ova."

Kyomugisha akabonyeza. Nikafunga macho.

"Marahaba, mwanangu. Nyumbani kuna Gaaju. Rangi yake chai yenye maziwa, pembe ya kushoto imeinama kama anatega sikio mlangoni kusikia mambo ya watu. Kuna Kyasha binti yake, ana nyota kwenye paji, anajiona, hanywi maji yaliyokanyagwa na mwenzake. Kuna Siina, mweusi wa kahawa iliyoungua, mwizi wa mahindi, aibu yake nimeibeba mimi kwa majirani. Kuna Ngondo wa madoadoa, alimpiga teke mchumba wa binti yangu Prudensia siku ya posa, mchumba akarudi kwao, na tunamshukuru Ngondo mpaka leo." Hapo kidole changu kiliipata kwato. Nikaifunika kwa kiganja. "Na kuna Bihogo, mwekundu, pembe zake zimefunguka kama mtu anayepokea mgeni, bibi yake alikuwa kwenye mahari yangu, baba akaturudishia ndama wake. Ndiye huyu. Alikimbilia kwenu kujifungua, hajui mpaka wa serikali. Mume wangu alimficha asivalishwe namba. Mimi nilicheka. Basi."

Redio ikakaa kimya. Tukangoja. 

"Mtoto," akasema Cassian, "achia kitufe. Na kwanza useme ova, hajui kama mmemaliza."

Kyomugisha akanitazama. "Sema, Kaaka."

Nikakataa kwa kichwa. Nilishaambiwa maana ya redioni, ndiyo. Lakini lile neno na ukoo wake wote nilikuwa naufahamu tangu jana, na humo ndani yumo ndugu mmoja anayeitwa kwisha. Nisingemkaribisha mbele ya ng'ombe anayezaa. "Sema wewe," nikamwambia. "Geuka huko kichakani, sema polepole."

Akageuka, akauambia mti: "Ova."

 Mwanamke yule akasema, "Cassian. Idadi ametaja? Ova."

"Hapana, Afande. Majina tu. Na tabia. Ova."

Mkwaruzo. Nikasikia kitu kama pumzi, au kicheko kilichokamatwa njiani. "Mimi kwetu ni Rugera, kwenye malisho. Baba yangu amekufa na hatujawahi kumsikia akitamka idadi ya ng'ombe wake. Wale tuliowakamata asubuhi na sehemu ya kundi, nimewauliza swali hilohilo. Namba wameitaja kabla sijafunga mdomo, jina hawakuwa nalo hata moja. Huyo bibi ni wa hapa na ng'ombe ni wa kwake. Ova."

Nikamshukuru Mungu, ila mkono wangu uliendelea na kazi yake. Lakini Katusiime hakuwa amemaliza.

"Mama, unanisikia? Mtoke kabla ya jua kuzama. Jumatano naleta afisa mifugo kwenu mwenyewe. Bihogo avae hereni, na mzee awepo. Nikimkuta tena bila hereni, namchukua, na majina hayatasaidia. Ova."

"Ndiyo, mwanangu," nikasema, na Kyomugisha akamalizia lile neno kwenye mti.

"Sasa, baba," nikamwambia Cassian, "weka bunduki mtini uje uvute. Mimi nguvu zimeniishia."

"Mama, mimi ni Mhaya wa migomba. Sijawahi."

"Hata migomba huwa mnaing'oa. Vuta mama akisukuma, akipumzika na wewe pumzika."

Mguu ukaja. Kwato mbili na pua, kama inavyotakiwa. Cassian alivuta mpaka kofia ikamwanguka, na ndama akateleza mzima kwa mara moja, akamwangukia mapajani, na kijana akapiga yowe ambalo sitamwambia mkuu wake.

Ndama hakupumua.

Alikuwa jike, mwekundu kama mama yake, na alilala tu, ulimi nje. Nilimfuta pua. Nikamning'iniza kichwa chini, maji yakamtoka. Nikachukua jani la nyasi nikamtekenya ndani ya pua, mara nyingine, na nyingine. Kyomugisha alikuwa analia bila sauti. Sikuwa nimehesabu. Nilikuwa najiambia hivyo, kama mtu anayejitetea mbele ya hakimu: sikuhesabu, sikuhesabu, sikutamka hata namba moja. Cassian alianza kunong'ona sala ya Kihaya.

Akapiga chafya. Ndama, si Cassian. Akatikisa masikio yaliyolowa, na Bihogo akageuza shingo na kuanza kumlamba kama vile sisi wote hatupo.

Cassian ndiye aliyembeba ndama begani mpaka kwenye vigingi, sare yake imeharibika kabisa. Bihogo alimfuata nyuma pua ikimgusa mgongoni. Hakuna nyati aliyetokea, ila niliogopa kila hatua mpaka nilipoukanyaga upande wetu, na hata hapo niliendelea kidogo, kwa mazoea. Tumwine alikuwa amesimama kigingini. Alikuwa ametembea na nyonga ile mpaka pale.  Alimwona ndama, akamwona askari, akaanza kumshukuru askari kwa Kinyambo chetu bila kukoma, na Cassian akawa anaitikia kwa Kihaya, wakaelewana.

Jumatatu Kyomugisha alisimama darasani. Alikata silabi, alitoa maana zote, na ile ya redioni akaitanguliza. Mwalimu Clavery akauliza ameipata wapi. Akasema kwa bibi. Nilikuwa nimemwonya aishie hapo, asiendelee.

Jumatano walikuja, Afande Katusiime na afisa mifugo na kile chombo cha kubania. Nilimpikia Katusiime ndizi na maharage. Alikula kama mtu wa nyumbani, akamsalimia Tumwine kwa kupiga magoti. Ila hereni aliiweka mezani, njano, na namba yake imeandikwa nyeusi.

Tumwine alimshika Bihogo kichwa mwenyewe.  Afisa mifugo akainua hereni, akafungua kinywa kuisoma namba kwa sauti aiandike.

"Mwanangu," akasema Tumwine, "andika. Usisome."

Afisa akamtazama mkuu wa askari. Katusiime akatazama migomba. Afisa akaandika kimya, akabana, Bihogo akatikisa sikio mara moja, na ikawa imefanyika.

Usiku ule Tumwine hakulala, na kwa hiyo hata mimi sikulala. Kila ndama alipokohoa aliinuka kwenda kuangalia. Asubuhi nilipokwenda kukamua nilikuta hereni ya Bihogo iko palepale sikioni, haijaguswa, ila imepakwa kinyesi kibichi yote, kwa unadhifu, ukingo hadi ukingo. Njano ilionekana pembeni kidogo. Namba haikusomeka.

"Mzee," nikaita, "Bihogo kalalia sikio?"

"Ng'ombe hulala anavyotaka," akajibu kutoka ndani.

Nilikaa kwenye kigoda nikaanza kukamua dang'a, yale maziwa ya kwanza baada ya kuzaa. Ndama alinisukuma kwa paji lake nimpishe. Nikampisha.